Volontere naye anakula: namna koperative inaweza kupanga kazi ya kujengea majirani nyumba



Tangu mwezi wa 10 mwaka 2014, wakati mauaji ya raia yalianza katika eneo la Beni, jamaa nyingi zimeacha mashamba ya kakao, ya kahawa na ya mpunga na kukimbilia Oicha, Beni mjini na Butembo. Mwaka 2024, mwisho wa mwezi wa 6, Kanyabayonga ikaanguka mikononi mwa M23, na wengine tena wakashika barabara ya kuja Lubero na Butembo. Wengi kati yao hawakuingia kambini. Wameingia ndani ya nyumba za watu: kwa shangazi, kwa memba mwenzao wa koperative, kwa mtu waliyekuwa wanasali naye. Nyumba iliyojengwa kwa jamaa moja sasa inalaza jamaa mbili au tatu, na mwenye nyumba mwenyewe ni mkulima kama wewe.

Ndiyo maana katika mikutano ya koperative swali hili linarudi kila mara: kwa nini sisi wenyewe tusikutane, tujenge nyumba ndogo za bei nafuu kwa wenzetu wasio na pa kulala? Miti iko, udongo uko, mikono iko. Ni swali zuri. Lakini kazi nyingi za namna hii zinaanza na watu 40 siku ya kwanza, siku ya tatu wamebaki 12, na mwezi wa pili kuta zinanyeshewa mvua bila paa. Watu wanasema: "Moyo wa kujitolea umekwisha." Sisi tunafikiri kwamba moyo mara nyingi hauna kosa. Kosa ni kufikiri kwamba kazi ya kujitolea ni kazi ya bure. Kila siku ya volontere iko na bei, na kama koperative haijajua nani anailipa, basi volontere ndiye anailipa, kwa njaa ya watoto wake na kwa shamba lake lisilopaliliwa.

Neno salongo na kumbukumbu yake

Tukisema kujitolea, wengi wanasikia salongo. Kuna salongo nzuri: jirani kusaidia jirani kufungua mfereji au kutengeneza daraja la miti. Lakini neno hilo limebeba mizigo mingine pia. Wakati wa Wabelgiji, tangu 1917, mkulima alilazimishwa kulima mazao ya serikali hadi siku 60 kwa mwaka, na wakati wa vita ya pili ya dunia zikafika 120. Miaka ya 1970, chini ya Mobutu, salongo yenyewe ikawa kazi ya lazima. Hata leo kuna sehemu ambapo watu wenye silaha wanakamata wakulima, wanawafanyisha kazi kwa nguvu, na wanaiita salongo.

Kwa hiyo, mzee akikataa kuja, usiseme mara moja ni mvivu. Pengine anakumbuka. Sheria ya kwanza tunayoshauri ni hii: asiyekuja asitozwe faini, jina lake lisisomwe mbele ya watu, wala asinyimwe mbegu au nafasi ya kuuza mazao yake kupitia koperative. Kazi yenye faini si ya kujitolea tena. Kama koperative inataka kazi ya lazima kwa memba wote, iipige kura katika mkutano mkuu na kuiandika katika sheria zake za ndani. Kuchanganya zile mbili kunaharibu zote.

Tena, kujali jamii si jambo geni kwa koperative. Kanuni 7 za koperative za dunia nzima, zilizopitishwa mwaka 1995, zinamalizia na hiyo: koperative ijali jamii inayoizunguka. Sheria ya OHADA juu ya koperative, ya tarehe 15/12/2010, ambayo inafuatwa katika nchi yetu tangu 2012, nayo inataja kanuni hizo. Kwa hiyo kujenga nyumba za majirani si kutoka nje ya njia. Ni kazi ya koperative, ikipangwa kama kazi nyingine za koperative: kwa uamuzi wa memba, kwa daftari, na kwa hesabu.

Mfano uliopita Mbandaka

Wengi hawajui kwamba moja ya kazi kubwa za dunia za kujenga nyumba kwa mikono ya wavolontere ilipata nguvu hapa Kongo. Huko Marekani, katika jimbo la Georgia, kulikuwa na shamba la pamoja lililoitwa Koinonia, lililoanzishwa mwaka 1942. Mwisho wa miaka ya 1960 wakulima hao walianza kujenga nyumba ndogo kwa majirani maskini. Mwaka 1973, Millard Fuller na mke wake Linda walitoka huko wakaja Mbandaka, wakaijaribu njia ileile kwa miaka 3. Waliporudi kwao mwaka 1976 walianzisha Habitat for Humanity, ambayo leo inafanya kazi katika nchi nyingi.

Ndani ya njia yao kuna mambo matatu yanayotuhusu. Nyumba haikuwa zawadi: jamaa ililipa polepole, bila faida na bila riba. Pesa zilizorudi ziliingia katika kese moja ya kujengea nyumba inayofuata. Na jamaa yenyewe ilifanya kazi pamoja na wavolontere. Mkulima aliyezoea likelemba au MUSO ataelewa haraka: pesa na nguvu vinazunguka, havikai kwa mtu mmoja.

Lakini kwetu lazima tuangalie hali. Mama aliyefika jana na watoto 5, bila shamba, hawezi kuanza kulipa mwezi huu. Mpangieni miezi ya kupumua. Na msidai siku za kazi sawasawa kwa kila jamaa: mgonjwa, mzee na mama anayenyonyesha wanaweza kupika, kutunza daftari ya vifaa au kulinda watoto wa wanaojenga. Hiyo pia ni kazi, iandikwe.

Hesabu ya siku ya volontere

Tuchukue mfano. Hesabu hizi ni za kuonyesha njia tu. Kila koperative iweke bei za soko lake.

Tuseme nyumba ya vyumba 2, ya miti na udongo, inaomba siku 60 za kazi ya watu wasio mafundi: kusawazisha kiwanja, kubeba mawe na miti, kukanyaga udongo, kujaza kuta, kuchimba choo. Tukiwa na wavolontere 20, kila mmoja atatoa siku 3. Tuseme kibarua analipwa 5 000 FC kwa siku. Siku 60 ni 300 000 FC. Hiyo ndiyo zawadi ambayo wavolontere wametoa, na iandikwe hivyo katika ripoti ya koperative, kusudi memba wote waione.

Sasa tuangalie upande wa pili. Watu 20 kwa siku 3 ni sahani 60 za chakula. Kwa 2 000 FC kila sahani, ni 120 000 FC. Maji ya kunywa, sabuni, glavu, na kusafirisha vifaa, tuseme 60 000 FC. Jumla ni 180 000 FC. Kazi tuliyoiita ya bure inaomba 180 000 FC kabla hatujanunua msumari hata mmoja.

Habari njema ni kwamba koperative yenye memba 120 inaweza kupata pesa hizo kwa 1 500 FC kila mmoja. Memba asiye na pesa alete kopo za maharagi, unga wa muhogo, ndizi au mzigo wa kuni. Hivyo mzee asiyeweza kubeba jiwe naye amejenga. Na volontere anakula saa sita bila kutafuta kwake nyumbani. Msipofanya hesabu hii, chakula kitatoka katika nyumba za wale 20, na hao ndio mara nyingi hawana kingi.

Kwa upande wa kunywa: tunajua kwamba mahali pengi kazi inafungwa na kasiksi. Iwe baada ya kazi, vifaa vikiwa vimekwisha kurudishwa na hakuna mtu juu ya paa.

Kalenda ya shamba ndiyo inaongoza

Hapa kwetu msimu A unaanza mwezi wa 9, na msimu B mwezi wa 2 au wa 3. Mkimwita mkulima kujenga wakati wa kupanda maharagi, mmemwambia achague kati ya jirani na watoto wake. Atachagua watoto, na ana haki.

Mvua inapungua mwezi wa 1 na mwanzo wa wa 2, kisha mwezi wa 6 na wa 7. Nyakati hizo udongo unakauka vizuri na kazi ya shamba si nyingi. Pangeni kuta na paa wakati huo. Kazi ndogondogo, kama kukata miti, kukusanya mawe na kuandika makubaliano, zifanywe polepole katika miezi mingine.

Kuhusu siku ya juma, msichague moja tu. Jumamosi, siku ya posho, Waadiventista wanasali. Jumapili ni Wakatoliki na watu wa CBCA. Na kila kijiji kiko na siku yake ya soko. Mkiweka siku 2, kila mtu atapata yake. Mwombeni kila mmoja siku 1 kwa juma, isizidi, na mwambieni tangu mwanzo kazi itaisha lini. Mtu anayejua mwisho anavumilia zaidi kuliko yule anayeambiwa "tutaona".

Fundi alipwe, volontere asaidie

Kuna kazi ambazo hazitaki moyo peke yake. Kupima msingi, kusimamisha nguzo za pembe, kufunga paa: hizo ni za fundi, na fundi alipwe. Mkimwomba fundi ajitolee kila nyumba, mnamwondolea mkate wake, na siku moja ataacha paa nusu. Afadhali mkubaliane bei ya chini lakini ya hakika, na pembeni ya fundi mweke vijana 2 wanaojifunza. Kijana aliyejenga nyumba 3 na fundi ametoka na ufundi mkononi. Hiyo ndiyo shukrani ambayo vijana wengi wanaitaka.

Na fundi awafundishe wavolontere mambo haya, kwa sababu ni hapo nyumba za udongo zinakufa:

- Msingi wa mawe upande juu ya ardhi, udongo wa ukuta usiguse maji ya chini.
- Sehemu ya mti wa kalitusi inayoingia ardhini ichomwe kidogo kwa moto au ipakwe oili chafu, mchwa wasiile haraka.
- Paa, liwe la mabati au la majani, litoke nje ya ukuta vya kutosha, mvua isipige udongo.
- Mfereji uchimbwe juu ya nyumba, upande wa mlima. Butembo tunajua kile maji ya mlima yanafanya.

Daftari moja, maneno wazi

Wakati wa Ebola, iliyotangazwa tarehe 1/8/2018 na kwisha tarehe 25/6/2020, watu 2 287 walikufa, wengi wao hapa kwetu. Wakati huo watu waliona wengine wakilipwa kwa siku na wengine wakitembea bure katika kartie zilezile. Maneno "Ebola biznesi" yakaenea, na imani ikashuka, hata kwa waliofanya kazi kwa moyo safi. Somo kwetu ni hili: kinachouma watu si tu kukosa pesa. Ni kutojua nani anapata nini, na kwa nini.

Kwa hiyo chagueni mtu mmoja wa kusimamia wavolontere, na asiwe yule anayeshika pesa. Mpeni daftari yenye nguzo 5: jina, tarehe, saa ya kuingia na ya kutoka, kazi aliyofanya, alichopata (chakula, sabuni, tiketi ya usafiri). Volontere asome mstari wake na kutia sahihi au kidole. Kila mwisho wa mwezi hesabu ibandikwe ukutani mwa depo. Kama shirika limeleta pesa za kazi hiyo, kiasi kiandikwe hapohapo. Yule anayelipwa ajulikane analipwa, yule anayejitolea ajulikane anajitolea.

Mtu akiumia kazini je? Msingoje aumie ndipo mtafute. Kama memba wenu wako ndani ya MUSO, kese nyekundu ya mshikamano iko kwa ajili ya shida za namna hii. Zungumzeni mapema kiasi gani kitatoka, na nani atampeleka volontere kwenye santre de sante.

Karatasi ya kiwanja kwanza

Kabla ya jembe la kwanza, ulizeni: kiwanja ni cha nani? Nyumba ikijengwa juu ya parsele ya mtu bila maandishi, kesho mwenyewe anaona mabati yanang'aa, anamwambia mdeplase: "Sasa rudini kwenu." Wavolontere wakiona hivyo mara moja, nyumba ya pili hawaji tena. Wamejenga nyumba ya tajiri bila kujua.

Andikeni karatasi moja: mwenye kiwanja, jamaa itakayokaa, koperative, na shefu wa kartie au wa kijiji kama shahidi. Iseme jamaa itakaa miaka mingapi, nyumba itakuwa ya nani baadaye, na mabati na milango vitakwenda wapi ikiwa jamaa itarudi kwao. Kama mwenye kiwanja ni memba anayepokea watu kwake, ni haki naye apate kitu: pengine choo kipya, pengine ukuta wake kutengenezwa siku hizohizo. Amebeba mzigo miezi mingi bila daftari yoyote.

Usalama na heshima

Nyumba haina thamani ya maisha ya mtu. Mbele ya kila siku ya kazi, msimamizi aulize wenye kujua hali ya barabara na ya kijiji. Watu waende kwa kundi, warudi mbele ya jua kuzama, na kukata miti au majani mbali na kijiji kusifanywe bila habari ya hakika. Siku yenye mashaka ifutwe, bila aibu.

Kuna hatari nyingine ambayo watu hawapendi kuitaja. Mtu mwenye kuamua nani apate nyumba ana nguvu juu ya mama asiye na pa kulala. Kwa hiyo orodha isiamuliwe na mtu mmoja. Komite iwe na wanawake na iwe na wadeplase wenyewe, sababu za kuchagua zisomwe mbele ya wote, na kila jamaa iambiwe wazi: nyumba haiombwi kwa pesa ya chini ya meza, wala kwa mwili. Mwanamke ajue jina la mama mmoja wa komite anayeweza kumwambia shida yake. Volontere anayevunja jambo hilo atoke siku hiyohiyo, hata kama ni mfanyakazi mkubwa.

Nyumba ikikwisha

Wengi wanapiga makofi siku ya ufunguo na kusahau. Lakini nyumba 10 zilizo karibu ni kijiji kidogo: kuna mfereji wa kusafisha, choo cha kutunza, ukuta wa kupaka udongo upya kila mwaka, na magomvi ya maji. Hapo wakaaji wenyewe ndio wavolontere wa kwanza. Wachague msimamizi wao, wawe na daftari yao, na wachangie kidogo kwa matengenezo. Aliyepokea nyumba mwaka huu akibeba mawe ya nyumba ya mwingine mwaka kesho, kazi imepata miguu yake.

Katika mkutano wenu ujao, tunawaomba mfanye jambo moja tu mbele ya kuamua idadi ya nyumba. Chukueni ubao na chaki. Andikeni siku ngapi za kazi nyumba moja inaomba, sahani ngapi za chakula, na miezi gani memba wako huru. Kisha ulizeni kila mmoja: wewe utaleta nini, mkono, kopo la maharagi, au kiwanja? Mkiona jumla inatosha nyumba 2, jengeni 2. Nyumba 2 zenye paa zinaita wavolontere wa nyumba ya 3. Kuta 10 zisizo na paa zinawafukuza wote.